Nje na Corkum

Saa kumi na dakika ishirini na tisa jioni, Alhamisi tarehe 16 Machi 1978, kengele za Baraza la Kutunga Sheria la jimbo letu zilianza kulia, na viti viwili ukumbini vilikuwa vitupu.

Cha kwanza, upande wa serikali, kilikuwa cha Everett Corkum, aliyelazwa katika hospitali ya mji mkuu tangu tarehe 7 kwa ugonjwa wa moyo. Cha pili, upande wa upinzani, kilikuwa cha Alcide Doiron, mjumbe wa Anse Rouge. Doiron hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia, hatua kumi kutoka kitini pake, katikati ya makoti ya wenzake yaliyolowa theluji. Corkum alikuwa nje kwa sababu anaumwa, na Doiron alikuwa nje kwa sababu Corkum alikuwa nje.

Tuliita jambo hilo jozi. Mjumbe wa upande mmoja akiugua au akifiwa, mjumbe mmoja wa upande wa pili hujizuia kupiga kura, ili ugonjwa wa mtu usiangushe wala kuokoa serikali. Jozi haimo katika Kanuni za Kudumu. Spika haitambui na makarani hawaiandiki. Ni neno tu, hutolewa na mjumbe kwa mjumbe mbele ya wanadhimu, yaani wasimamizi wa kura, wa pande mbili, na kwa lugha ya ndani ya jengo lile tulisema fulani "yuko nje na" fulani. Doiron alikuwa nje na Corkum kwa siku ya tisa.

Mimi nilikuwa karani wa pili wa meza. Kazi yangu wakati wa kura ilikuwa kuita majina na kuyaandika. Ninayoyaeleza hapa niliyaona au niliyasikia kwa sikio langu, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Baraza letu, la Hamsini na Moja kwa hesabu ya chaguzi, lilikuwa na viti arobaini na kimoja. Uchaguzi uliipa serikali ya Stirling Crandall viti ishirini na kimoja na upinzani ishirini. Siku ya kwanza ilibidi Spika atoke upande wa serikali, na kwa desturi Waziri Mkuu na Kiongozi wa Upinzani humshika mikono wakamburuta hadi kitini huku yeye akijifanya hataki. Mzee Pineo, aliyechaguliwa, hakujifanya. Alijua kwamba ukumbini zingebaki kura ishirini kwa ishirini, na kwamba kila mara zikilingana yeye ndiye angeamua. Kwa miezi kumi na sita aliamua mara kumi na moja, zote kwa kanuni ile ile: kura zikilingana, Spika huacha mambo yalivyo.

Hoja ya siku hiyo ilikuwa ya kutokuwa na imani na serikali. Ililetwa na upinzani kwa sababu ya amri ya kufunga hospitali sita ndogo ifikapo tarehe 31 Machi. Mojawapo ilikuwa hospitali ya Anse Rouge, yenye vitanda ishirini na viwili. Hospitali nyingine iliyo karibu zaidi ilikuwa umbali wa kilomita tisini na sita, na barabara hiyo hufungwa na theluji wastani wa siku kumi na tisa kwa mwaka. Serikali ikianguka, amri haitekelezwi. Serikali inayongoja uchaguzi haifungi kitu. Ikisimama, milango ya Anse Rouge inafungwa baada ya wiki mbili.

Tarehe mosi Machi, katika ukumbi wa parokia ya Anse Rouge, Doiron aliwaambia watu mia tatu kwamba serikali ikiletewa hoja, yeye ataiangusha kwa mguu wake mwenyewe, maana kwetu kura hupigwa kwa kusimama. Siku saba baadaye Corkum, kutoka kitandani, aliomba jozi, na akaomba iwe na Doiron. Walikuwa wamepanga nyumba moja kwa vikao vinne, vyumba vinavyotazamana. Doiron alikubali. Maneno yake, mbele ya wanadhimu wote wawili na mbele yangu, yalikuwa haya: "Niko nje na Everett mpaka arudi." Wakati huo hakuna aliyejua hoja ingekuja lini.

Hesabu, basi, ilikuwa hii. Doiron akibaki nje, kura kumi na tisa kwa kumi na tisa, Spika anaacha mambo yalivyo, hospitali inafungwa. Doiron akiingia, ishirini kwa kumi na tisa.

Kengele za kuwaita wajumbe kupiga kura hulia dakika thelathini. Kwenye roshani ya wageni walikuwa wameketi manesi kumi na wanne wa Anse Rouge, na sare zao nyeupe chini ya makoti. Walikuja kwa basi la shule, saa nne njiani. Hawakujua habari ya jozi. Mmoja wao, nilipopita chini, aliniuliza kwa sauti: "Karani, mbona mtu wetu hayuko kitini? Amekwenda kula?"

Nikasema yuko jirani.

"Basi mwambie amalize biskuti aje!" Wakacheka.

Nyuma ya pazia palikuwa na chumba kidogo cha makarani, chenye simu moja. Saa kumi na dakika thelathini na sita simu ililia. Alikuwa Bi Leota Corkum.

"Niitie Alcide," alisema.

Nikamwita. Alisikiliza akiwa amesimama. Alisema "Lini?" na "Pole, Leota, pole sana," na mwishoni "Alisemaje hasa?" Kisha akaweka simu chini.

"Everett amefariki," aliniambia. "Saa kumi na dakika kumi."

Niliandika saa hiyo.

"Leota anasema aliniulizia. Nesi alimsikia akisema niingie. Anadhani alitaka niingie chumbani kumwona. Nilikuwa nimwendee baada ya kura."

Wajibu wangu ulikuwa kumjulisha Katibu wa Baraza, naye amjulishe Spika. Nilikwenda na kurudi kwa dakika tatu. Jibu la Katibu lilikuwa kwamba kengele zikilia hakuna kikao, na pasipo kikao Spika hana mahali pa kutangazia. Kifo kingetangazwa baada ya kura, na mpaka kitangazwe kiti hakiko wazi.

Niliporudi, Orelia Maillet alikuwa amefika. Alikuwa mnadhimu wa upinzani, mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mbili aliyewahesabu wajumbe wake ishirini kila siku kama alivyokuwa akihesabu watoto darasani. Doiron alikuwa ameshamwambia.

"Marehemu hana jozi," Maillet alikuwa akisema. "Alcide, nisikilize. Marehemu hana jozi."

"Nilisema mpaka arudi."

"Hatarudi! Utamngoja hadi kiama, umekaa hapa na makoti?"

"Sikusema mpaka afe. Nilisema mpaka arudi."

"Hayo ni maneno ya wakili, wewe si wakili, wewe umelima viazi. Panda pale juu ukawaambie wale akina mama kwamba umebanwa na maiti."

"Orelia, ulimi wako."

"Ulimi wangu unaweza kungoja. Kengele hazingoji."

Doiron alinigeukia mimi. "Karani, wewe umesoma vitabu vyote humu. Mtu akifa, jozi inakuwaje?"

Nilimwambia ukweli: vitabu havisemi. Katika kumbukumbu za Baraza tangu mwaka 1867 palikuwa na vifo kumi na vitatu katikati ya kikao, na hakuna hata kimoja kilichotokea siku ya kura mtu akiwa na jozi. Hapakuwa na mfano wa kufuata.

"Basi wewe ndiye mfano," alisema Maillet. "Simama uwe mfano."

"Nikiingia kwa kosa, nani atatoka na mimi tena?" aliuliza Doiron. Hilo halikuwa swali dogo. Katika Baraza la watu arobaini na mmoja, mtu aliyevunja jozi haruhusiwi kuugua. Mama yake akifa, anazikwa bila yeye. Palikuwa na mjumbe mmoja aliyevunja jozi mwaka 1949, na hadi alipoacha siasa aliitwa Robo Tatu, kwa maana kwamba si mtu kamili. "Na tusiangalie hilo. Nilimpa Everett neno. Nataka kujua alinijibu nini kabla hajafa. Leota hakuwepo, alikuwa kwenye lifti. Aliyesikia ni nesi."

"Alisema uingie! Umeshaambiwa!"

"Niingie wapi?" alisema Doiron. "Chumbani au humu?"

Maillet alinisogezea simu.

Saa kumi na dakika arobaini na nne niliunganishwa na wodi. Nesi aliitwa Weatherbee. Doiron alikishika kipokezi kati ya sikio lake na langu, kwa makusudi, ili niwe shahidi.

"Dada," alisema, "naitwa Doiron. Tafadhali uniambie maneno yake kama yalivyokuwa. Usiyapambe."

"Alifumbua macho saa kumi kasoro," alisema nesi. "Akaniuliza, 'Alcide bado yuko nje?' Nikachungulia kwenye viti vya wageni, hapakuwa na mtu. Nikamwambia, baba, hakuna mtu nje. Akasema, 'Yuko nje. Aingie.' Nikamwambia akifika nitamwingiza. Akatikisa kichwa."

"Kukubali au kukataa?"

"Kukataa. Kama mtu anayeona humwelewi. Kisha akasema, 'Mwambieni Harlan.' Harlan ni nani? Mkewe alipofika nilitaka kumuuliza, lakini hali ilikuwa imeshabadilika."

Doiron alimshukuru, akaweka simu. Harlan Tingley alikuwa mnadhimu wa serikali. Mgonjwa anayetaka rafiki yake aingie chumbani hamtumii mnadhimu wa serikali ujumbe.

"Umesikia, karani?"

"Nimesikia."

"Haya!" Maillet alimshika mkono. "Zimebaki dakika kumi na tatu. Twende."

"Bado. Kasema aambiwe Harlan. Harlan hajaambiwa."

"Wewe una wazimu. Unataka kumwita mchinjaji umuombe ruhusa ya kumwachilia ng'ombe?"

"Niitie, Orelia."

"Atakataa. Atasema mgonjwa alikuwa anaweweseka. Na ukishamuuliza akakataa, ukiingia utakuwa umeingia juu ya kukataa kwake. Sasa hivi una shaka tu. Baada ya hapo utakuwa na kosa."

"Ndiyo. Niitie."

Maillet alitoka. Sikutarajia kwamba angekwenda kweli. Saa kumi na dakika hamsini alirudi na Tingley.

Tingley alikuwa mtu mnene, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwepesi wa mizaha. Alikuwa ameingia Barazani siku moja na Corkum, mwaka 1960. Alipoingia chumbani alikuwa akicheka.

"Alcide! Umechoka na makoti? Langu lina pipi mfukoni, jisaidie. Mama huyu kaniburuta kama Spika."

"Harlan," alisema Doiron, "kaa."

"Dakika tisa, ndugu yangu, nina watu wa kuhesabu."

"Everett amefariki. Saa kumi na dakika kumi. Leota amepiga simu hapa."

Tingley hakukaa. Aliegemea mlango. Kengele ziliendelea kulia. Katika chumba kile zilikuwa na sauti ya juu kuliko ukumbini, maana moja ilikuwa imefungwa juu ya dirisha.

"Nilimwona asubuhi," alisema baadaye. "Alikunywa supu ya kome. Nilimpelekea mwenyewe, kwenye chupa ya chai."

Kisha Doiron alimweleza maneno ya nesi, kwa mpangilio ule ule, bila kuongeza. Nilikuwa nikimfuata neno kwa neno na hakukosea.

Tingley alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti pia.

"Hayo umeyasikia wewe," alisema. "Mtu wa upinzani."

"Na karani."

"Ni kweli?" Tingley aliniuliza.

"Ni kweli," nilisema.

"Mtu ana moyo unaosimama, ana dawa kichwani, anasema 'nje', anasema 'ndani'. Mnataka niangushe serikali kwa hilo?"

"Sitaki uangushe chochote," alisema Doiron. "Kaagiza uambiwe. Nimekuambia. Kama huamini, simu ile pale."

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Tingley aliizungusha namba mwenyewe. Alikosea tarakimu ya nne, akaanza upya. Wodini simu iliita kwa muda mrefu. Maillet alikuwa akitazama saa ya ukutani bila kupepesa, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Nesi Weatherbee? Mimi ni Tingley, wa Barazani... Ndiyo, ndiyo, huyo. Nina swali moja. Alisema Harlan, au alisema Harold? Ana mdogo wake anaitwa Harold, yuko magharibi."

Safari hii sikusikia jibu. Niliona tu kwamba lilikuwa refu kuliko swali. Tingley alisema, "Mara mbili?" Kisha, "Asante, mama. Pole kwa kazi." Akaweka kipokezi mahali pake taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kasema Harlan?" aliuliza Doiron.

Tingley alikuwa akivaa miwani.

"Harlan. Nimefunguliwa au sijafunguliwa?" aliuliza Doiron tena.

"Mimi ni mnadhimu wa serikali, Alcide. Nina watu kumi na tisa mle ndani, na Stirling Crandall amenikabidhi mimi hesabu yake. Usiniulize swali hilo."

"Sina mwingine wa kumuuliza. Aliyenifunga amekufa."

"Usiniulize," alisema Tingley tena, akatoka.

Maillet alitema neno la Kifaransa ambalo sitaliandika. "Si nilikuambia? Sasa unalo kosa zima, lenye mkono na mguu. Ukiingia, atasimama aseme umevunja, na watu wake watamwamini. Karani hawezi kusema. Karani, unaweza kusema?"

"Siwezi," nilisema. Karani ukumbini hasemi lolote ila majina.

"Unaona."

Doiron alifunga vifungo vya koti lake la suti, kimoja baada ya kingine. Mikono yake ilikuwa thabiti, au alikuwa ameibana iwe thabiti. Kwa macho huwezi kutofautisha. Alisema, "Neno la Everett nimelisikia. La Harlan atalisema au hatalisema." Akafungua pazia.

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na saba. Nilimpita na kwenda mezani.

Mara ya kwanza hakuna aliyemjali. Watu wa serikali walidhani amekuja kuchukua karatasi. Mmoja wao akapaza sauti: "Umepotea njia, Doiron? Makoti yako kule!" Wakacheka. Doiron alitembea hadi safu ya pili, akaketi. Kicheko kikapungua upande mmoja baada ya mwingine. Juu kwenye roshani manesi walipiga makofi, na mpambe wa Baraza akawanyamazisha kwa kidole.

Waziri Mkuu Crandall aliinama kwa Tingley, aliyeketi nyuma yake, akamuuliza jambo. Tingley alijibu kwa neno moja au mawili. Crandall aligeuka kutazama mbele na hakugeuka tena.

Saa kumi na dakika hamsini na tisa kengele zilinyamaza. Mpambe alifunga milango, akakaa mbele yake. Spika Pineo alisoma hoja, akaagiza wanaoikubali wasimame mmoja mmoja.

Niliita Kiongozi wa Upinzani, Basil Surette. Alisimama, nikaandika, akaketi. Niliita safu ya kwanza yote. Safu ya pili nilianzia kwa Maillet, kisha wawili, kisha Doiron.

Alisimama.

Kelele zilizotokea sijapata kuzisikia tena ukumbini mle. "Jozi! Jozi!" watu wa serikali walikuwa wakipiga meza kwa viganja. "Mvunja neno!" "Mtu yuko kitandani, mwizi wewe!" "Robo Tatu!" Mjumbe mmoja wa serikali, mhubiri wa Kibaptisti, alirusha kitabu cha Kanuni, kikaangukia katikati ya zulia. Upande wa pili walijibu, lakini wengi wao hawakujua wajibu nini. Nao waliamini kwamba Doiron amevunja. Surette mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Doiron alibaki amesimama, mikono imening'inia. Kwa utaratibu hakuruhusiwa kusema neno mpaka kura iishe. Kwa utaratibu huo huo, mimi sikuruhusiwa kulitaja jina la wodi wala la nesi. Nilishika kalamu juu ya karatasi.

"Utulivu!" alisema Spika. "Utulivu! Baraza halitambui jozi. Mjumbe yumo ndani ya milango, na aliye ndani ya milango hupiga kura. Karani, andika."

Hapo Tingley alijifunika kichwa.

Kanuni ya sabini na nne ya Baraza letu, ambayo haijaguswa tangu wajumbe walipokuwa wakivaa kofia ndefu, inasema kura zikiwa zinahesabiwa, mwenye hoja ya utaratibu ataisema akiwa ameketi na kichwa kimefunikwa, ili Spika amwone. Hakuna anayekuja na kofia siku hizi. Tingley alichukua Orodha ya Shughuli, kurasa nane, akaifungua katikati na kuiweka juu ya upara wake kama paa. Mahali pengine popote watu wangecheka.

Wenzake walishangilia. "Mwambie, Harlan!" "Mweleze!"

"Hoja ya utaratibu," alisema Spika. "Mnadhimu wa Serikali."

"Bwana Spika," alisema Tingley. Karatasi aliishika kwa mkono mmoja. "Najua Baraza halitambui jozi. Lakini wajumbe wanamwita Mheshimiwa Doiron mvunja neno, na mwenye daftari la jozi upande huu ni mimi. Everett Corkum amefariki leo saa kumi na dakika kumi."

Kelele zilikatika.

"Kabla hajafa alimfungua Mheshimiwa Doiron. Aliagiza niambiwe mimi. Alirudia jina langu mara mbili. Nimezungumza kwa simu na aliyesikia." Nilidhani amemaliza. "Mheshimiwa Doiron hayuko nje na mtu yeyote. Ni hayo tu, Bwana Spika."

Akaiondoa karatasi kichwani, akaikunja mara mbili.

Spika Pineo alikuwa ameshajulishwa habari ya kifo, lakini si ya maneno yale. Alisema hoja hiyo si ya utaratibu, maana Baraza haliwezi kufungua kitu lisichokitambua, na kwamba hata hivyo ameisikia.

"Karani, andika."

Nikaandika Doiron. Akaketi. Niliita waliobaki wa upinzani, kisha nikageukia upande wa serikali kuita wanaoikataa hoja. Crandall alisimama. Mhubiri alisimama huku akifuta macho. Nilipofika kwa Tingley alisimama kama wenzake, akaikataa hoja, akaketi. Nilijumlisha mara mbili, ingawa hapakuwa na haja, nikampa Katibu karatasi, naye akasoma.

"Wanaokubali, ishirini. Wanaokataa, kumi na tisa."

"Natangaza hoja imepita," alisema Spika.

Hakuna aliyeshangilia, hata roshani. Spika aliomba wajumbe wasimame kwa kumbukumbu ya marehemu Everett Corkum, mjumbe kwa miaka kumi na minane, wakasimama wote thelathini na tisa. Kisha Waziri Mkuu aliomba Baraza liahirishwe. Hilo halikuhitaji kura.

Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa gari la Crandall lilitoka lango la mashariki kwenda kwa Gavana kuomba Baraza livunjwe. Tingley hakufuatana naye. Alikuwa bado kitini.